Vyama Vitatu kwa Ajili ya Mkwe Mmoja

Ninyi vijana mnaoshika simu na kujiita wachambuzi wa siasa, sogeeni nami niwachambue kidogo. Kazi hiyo niliifanya Itigi, pale karibu na stesheni, miaka ile vyama vingi vilipoingia na maduka ya watu binafsi yakaanza kuota kama uyoga. Sikuwa na simu. Nilikuwa na benchi, gazeti moja, na mdomo ambao mama yangu kule Kinampanda alikuwa akiniombea kanisani upunguzwe. Nimehama vyama kuliko mlivyohama nyumba za kupanga, na mara moja nilihama nikiwa katikati ya sentensi. Hilo nitalieleza. Lakini kwanza tuzungumze kazi, maana naona mnaiharibu.

Gazeti lilikuja na treni. Gazeti la Jumatatu tulilisoma Jumatano, na kama kichwa cha treni kimeharibika njiani, tulilisoma likiwa limekwisha kupata wajukuu. Nilinunua moja tu, nikakaa nje ya hoteli ya Mama Siwema, nikawasomea wasioona vizuri, wasiojua kusoma, na wale wanaojua lakini hawataki kununua. Hao wa mwisho ndio waliokuwa wengi na ndio waliokuwa wabishi. Mama Siwema alinipa chai na maandazi, kwa sababu mtu akikaa kusikiliza, koo linakauka. Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: habari kubwa usiitangulize. Anza na mpira, nenda kwenye vifo, pitia bei ya mafuta ya taa, na ile habari kubwa iache isubiri birika la pili lichemke. Leo mnaanza na habari kubwa halafu mnashangaa watu wanaondoka.

Benchi hilo nililirithi kwa Mzee Sungi, Mnyaturu mmoja aliyekuwa mpokea mizigo stesheni hapo kabla. Alinifundisha mambo matatu. La kwanza alisema, "Lameki, uchambuzi ni kupepeta. Kaa upande upepo unakotoka, pumba ziwaendee wengine." La pili, usiseme kamwe "itatokea", sema "dalili zinaonyesha", maana dalili hazishtakiwi. La tatu, ukishatamka neno zito, koroga chai yako polepole hata kama kikombe ni kitupu. Hili la tatu limenisaidia kuliko vitabu vyote nilivyosoma.

Siku moja treni haikufika kabisa na watu walikuwa wamekwisha kukaa. Nikamwomba Mama Siwema karatasi aliyofungia vitumbua, ilikuwa ukurasa wa gazeti la zamani sana, nikaikunjua na kuanza kuchambua kwa sauti. Niliendelea vizuri mpaka bwana mmoja wa Misigiri, aliyekuja kuuza kuku, akanyoosha mkono. "Mchambuzi, mbona habari hii niliwahi kuisikia?" Nikakoroga kikombe. Nikamwambia, "Ndugu yangu, historia hujirudia." Wazee wote wakatikisa vichwa, na mmoja akanilipia kitumbua. Ukurasa ulikuwa na mafuta kiasi kwamba waziri aliyekuwa pichani alionekana kwa upande wa pili.

Enzi za chama kimoja kazi ilikuwa ngumu kweli. Kutwa nzima unapepeta punje moja. Vyama vingi vilipokuja nilifurahi kama ndege aliyeona uwele umeiva. Majina ya kweli ya vyama hivyo nayaacha, kwa sababu waliokuwamo leo ni wakwe wa watu. Kile cha siku zote nitakiita cha Zamani, na viwili vilivyopata nguvu kwetu nitaviita Ungo na Kinu. Mimi nilikuwa wa Zamani kama kila mtu, na kila asubuhi nilikuwa nikisema pale benchini kwamba Ungo hauna kazi nyingine ila kurusha vumbi. Watu walicheka, Mama Siwema aliuza, na maisha yalikuwa matamu.

Ndipo akaja Yunis.

Alishuka kwenye lori kutoka Mitundu na madebe mawili ya asali, akaniuliza kama kelele zangu zilikuwa zinauzwa au ni za bure. Nikamwambia za bure. Akasema, "Nilijua tu." Kuanzia hapo kila lori la Mitundu likipiga honi nilikuwa nasimama kabla ya kondakta. Kwa muda mrefu alinitania tu, halafu siku moja akaniambia, "Kama una neno, lipeleke kwa baba. Lakini ulipeleke mapema, kuna mwenye duka wa Manyoni naye ameshaanza kuulizia, na ana pikapu." Vijana, mimi sikuwa hata na baiskeli. Chai ilinishinda hapo hapo.

Baba yake alikuwa Mzee Yona Chidawali, Mgogo, mrina asali mwenye mizinga yake porini na heshima kubwa Mitundu nzima. Nami nikamtafuta mshenga. Nilimchagua Fundi Jumanne, fundi cherehani wa pale sokoni, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu na maneno machache. Hapo nilichagua vizuri kupita kiasi, kama mtakavyoona.

Eleweni kwanza jambo moja, maana ninyi siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu mkiwa mmewakumbatia mabega. Kwetu wakati ule mkwe hakutazamwa usoni. Jina lake hukulitamka. Ukikutana naye njiani ulitoka kando, ukainamisha kichwa mpaka apite. Na kumsema vibaya, hata kwa fumbo, hata kwa mbali, ilikuwa ni kujifungia mlango mwenyewe. Kila neno lilipita kwa mshenga, na mshenga alisema alichotumwa tu.

Fundi Jumanne alikwenda Mitundu na akakaa huko wiki nzima, maana mshenga huchinjiwa kuku, na asali ya Mzee Yona ilikuwa haina mfano. Mchovya asali hachovyi mara moja. Aliporudi alikaa, akavua kofia, akasema: "Nimetumwa niseme hivi. Mzee ni mwenyekiti wa tawi la Ungo. Amesikia kwamba kila asubuhi unasema Ungo unarusha vumbi. Anauliza, huyu ni mkwe au ni mwiba?"

Nililala na swali hilo. Asubuhi nikakaa benchini, nikasoma mpira, nikasoma vifo, birika la pili lilipochemka nikatangaza kwamba baada ya tafakari ndefu nimejiunga na Ungo.

Mzee Sungi akaweka kikombe chini. "Lameki. Jana ulisema Ungo unarusha vumbi."

"Nilisema, mzee wangu. Na bila kurusha vumbi, nafaka haisafiki."

Walicheka mpaka mbwa wa stesheni wakabweka. Mmoja akasema bendera hufuata upepo. Nikamjibu kwamba bendera isiyofuata upepo huchanika. Mnaona? Mchambuzi hakosi jibu. Anachokosa ni usingizi.

Nikamtuma Fundi Jumanne akapeleke habari njema. Lakini yaliyokuwa yanatokea Mitundu mimi sikuyajua, niliyajua baadaye kwa Yunis mwenyewe. Yunis alikuwa amemwambia baba yake kwamba mwenye pikapu airudie pikapu yake, yeye anamtaka msoma gazeti, na kama hapewi atakwenda kwa masista. Mzee Yona akawaza. Akaona akiwa na mkwe mwenye mdomo kama ule, na wako vyama tofauti, atakuwa anapepetwa hadharani kila treni ikifika. Na mkwe akikupepeta hadharani, utamjibuje? Huwezi, ni mkwe. Basi akaacha uenyekiti wa Ungo, akarudi chama cha Zamani, ili awe upande wa mdomo wangu. Siku ile ile niliyohama mimi.

Fundi Jumanne akafika Mitundu akiwa na ujumbe kwamba kijana sasa ni wa Ungo, akamkuta mzee yuko Zamani. Akausema ujumbe wake, akala kuku wake, akanyamaza. Nilipomuuliza miaka mingi baadaye kwa nini hakutueleza, alishangaa sana. "Lameki, mimi nilikuwa mdomo wa kutumwa. Hakuna aliyenituma kuuliza." Mjumbe hauawi, wanasema wahenga, na nadhani waliosema hivyo waliwahi kujaribiwa kama mimi.

Mimi benchini nikawa nakipepeta chama cha Zamani kwa nguvu zangu zote, nikijua namfurahisha mkwe. Makondakta wa malori wakawa wanampelekea mzee kila neno. Mzee akaumia, akajikaza, akarudi Ungo. Wiki hiyo hiyo kondakta mmoja akaniambia amemwona mzee kwenye mkutano wa Zamani. Nikashtuka, nikarudi Zamani mbio, nikasema benchini kwamba mtu akienda safari ndefu ndipo anapotambua nyumbani. Mzee Sungi alisema nyumbani kwenyewe hata mkeka sijautandika. Kila nilikofika, mkwe wangu alikuwa ametoka mlango wa pili. Fundi Jumanne akaendelea kwenda na kurudi, akanenepa, na suruali zake akazipanua mwenyewe kwa cherehani yake.

Mwenye pikapu wa Manyoni naye hakulala. Alishapeleka sukari, akapeleka bati za kuezekea. Yunis alinitumia neno na kondakta: "Baba anasema kijana asiyejulikana anasimama wapi ataisimamishaje nyumba. Fanya jambo kabla ya mavuno." Nilikonda. Kwa mara ya kwanza nilisoma gazeti bila kukoroga kikombe.

Ndipo kondakta yule wa habari za mkutano, ambaye leo naamini alikuwa analipwa kwa kila uongo, akanieleza kwamba mzee amechoshwa na vyote viwili na ameingia Kinu. Nikasema alhamdulillahi, mimi Mlutheri. Nikajiunga na Kinu, na Kinu wakafurahi kupata mdomo, wakanialika nikazungumze kwenye mkutano wao siku ya mnada, huko huko Mitundu. Nikaona Mungu amenifungulia. Mkwe atakaa chini ya jukwaa, asikie kwa masikio yake.

Siku ya mnada Mitundu, vijana, ni mifugo, vumbi, nyama choma na mitumba. Kinu walijenga jukwaa la magogo upande wa zizi la mbuzi. Upande wa pili, ng'ambo ya ng'ombe, Ungo nao walikuwa na jukwaa lao siku hiyo hiyo, kila mtu na kipaza sauti chake cha betri. Nilipanda nikiwa nimevaa kofia ya Kinu mpya kabisa. Nikaanza kwa moto.

"Wananchi! Kuna watu pale ng'ambo wanawaletea ungo. Mimi nimekaa ndani ya Ungo, naujua. Ungo wao umetoboka, ni chombo chenye matobo, na mtu anayekalia chombo chenye matobo ni..."

Nikainua macho. Jukwaani kwa Ungo, kiti cha mbele, na kofia ya Ungo kichwani, alikuwa amekaa Mzee Yona Chidawali. Baadaye nilielezwa kwamba alikuwa amesikia, kwa kondakta yule yule, kuwa mimi ndiye mzungumzaji wa Ungo siku hiyo.

Watu kama elfu wanasubiri niseme mtu huyo ni nini. Mkwe wangu ananitazama kwa mara ya kwanza katika maisha yetu. Lakini kazi ni kazi.

"...ni mtu mwenye busara!" nikapaza sauti. "Kwa sababu bila matobo, vumbi lingepita wapi? Ungo oyee!"

Viongozi wa Kinu walinivuta shati. Nikavua kofia yao, nikawapa, nikashuka na kuanza kuvuka kwenda upande wa Ungo kuliko na mkwe. Wakati huo huo, mzee wa watu, aliyekuwa amesikia sauti yangu ikitokea Kinu, alikuwa amekwisha kuvua kofia ya Ungo na anavuka kuja upande wa Kinu. Tukakutana katikati ya mnada, kati ya mbuzi wa Wanyaturu na ng'ombe wa Wasukuma.

Na mkikutana njiani na mkwe, mnafanya nini? Mnatoka kando. Nikatoka kushoto, naye akatoka upande huo huo. Nikageuka kulia kwa haraka na kichwa nimekiinamisha, naye akageuka hivyo hivyo na chake amekiinamisha, maana heshima ni ya pande zote mbili. Tulifanya hivyo mpaka mbuzi wakaanza kutuogopa. Mtu mmoja kwenye mitumba akapiga kelele, "Vyama vimeungana!" na mnada mzima ukashangilia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwenye pikapu wa Manyoni, aliyekuwa amekuja kununua ng'ombe, alisimama amekumbatia kamba isiyo na ng'ombe.

Fundi Jumanne alikuwa pale kwenye nyama choma. Nikamwita. Akaja na paja la kuku mkononi, akasimama katikati yetu, mimi nikitazama mbuzi na mzee akitazama ng'ombe.

"Mwambie mzee shikamoo," nikasema.

"Mzee, kijana anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba. Muulize, leo yeye ni wa wapi?"

Fundi Jumanne akaniuliza, ingawa mzee alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nikajibu, "Mwambie nilikuwa wa Kinu kwa sababu nilisikia yeye ni wa Kinu."

Mzee akasema, "Mwambie mimi nilikuwa wa Ungo kwa sababu nilisikia yeye ni wa Ungo."

Watu waliotuzunguka wakaanza kuangua kicheko. Mimi sikucheka. Mzee akauliza tena, sasa kwa sauti ya chini kabisa.

"Muulize. Mbali na mimi, yeye mwenyewe ni wa chama gani?"

Hapo, vijana wangu, miaka yangu yote ya dalili zinaonyesha ilinikimbia. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, hata mimi mwenyewe. Nikasema, "Mwambie sijui. Mwambie ninachojua ni kwamba Yunis akienda Manyoni, sitakuwa na sababu ya kusimama lori la Mitundu likipiga honi."

Fundi Jumanne aliyasema maneno hayo neno kwa neno, na sauti yake ilikatika kidogo. Mzee Yona akafuta uso kwa kiganja. "Mwambie," akasema, "alete ng'ombe kama wanavyoleta watu. Na yule mbuzi wa kufungua mdomo, asimlete mpaka mimi nitakapoagiza."

Msiojua, mbuzi wa kufungua mdomo ndiye anayevunja ile miiko ya kutosemeshana. Ukishamtoa na mkamla pamoja, wewe na mkwe mnaweza kuzungumza uso kwa uso. Wengi humtoa mwaka wa kwanza. Mimi nilioa baada ya mavuno, Mama Siwema akapika, Mzee Sungi akatoa hotuba ndefu kuhusu pumba, na kila mwaka nilimtuma Fundi Jumanne kuuliza habari ya mbuzi. Kila mwaka jibu lilikuwa moja: "Mzee anasema mbuzi bado hajanona." Watoto wetu walizaliwa, wakakaa magotini kwa babu yao, wakaniletea salamu zake. Redio za watu binafsi zikaja zikaniulia benchi. Mimi nikaacha uchambuzi nikauza asali, na vyama nikaviacha vinitafute vyenyewe.

Halafu mzee akazeeka kabisa. Macho yalimpungua na miguu ikakataa pori. Siku moja mchana ukaja ujumbe Itigi, kwa simu safari hii, maana Fundi Jumanne alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Ujumbe ulikuwa mfupi: Lameki alete mbuzi.

Nilinunua beberu mnene kuliko wote sokoni. Tukachinja kwake Mitundu, Yunis akachoma ini, tukatandikiwa mkeka mmoja, mimi na mkwe wangu, tukala sahani moja. Tulipomaliza akanawa mikono, akanigeuzia yale macho yake yaliyofifia, akasubiri. Ilikuwa zamu yangu kufungua mdomo.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nilitaka kumshukuru kwa Yunis. Nilitaka kumwambia kwamba nilimpenda tangu siku ile tulipokuwa tunakwepana kati ya mbuzi. Mimi niliyezungumza na treni nzima ya abiria, niliyempa waziri maisha mapya kwenye karatasi ya vitumbua, nilikaa pale na machozi yananitoka na neno halitoki hata moja. Nilifungua kinywa, nikakifunga. Nikajaribu tena.

Mzee alingoja. Alingoja sana. Mwisho akaweka mkono wake gotini kwangu, akasema moja kwa moja, kwangu mimi, bila mshenga:

"Kumbe ndio mdomo wenyewe huu, niliouhamia vyama vitatu kwa kuuogopa?"